Mto wapita mlangoni, maji twanunua kwa mtungi

Baadhi ya wanafunzi wangu hufika shuleni asubuhi wakiwa wamekwisha kupanga foleni nyingine kabla ya ile ya gwaride: foleni ya maji. Wanatoka katika majumba ya kupangisha ya Ruiru, yale ya ghorofa tano au sita yaliyosimama mahali palipokuwa na mibuni, na mitungi yao hujazwa na wachuuzi wa mikokoteni kwa bei ambayo hupanda kadiri jua linavyozidi kuwaka. Mmoja wao aliniuliza katika kipindi cha jiografia swali lililonikosesha jibu la haraka: "Mwalimu, ikiwa Nairobi yanywa maji yetu, mbona sisi twayanunua?"

Swali hilo lastahili kujibiwa hadharani. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 huko Gatanga, laweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na ndilo tegemeo kubwa la jiji. Maji yake huteremka hadi mitambo ya kusafishia ya Ng'ethu, Gatundu, kisha yakaelekea Nairobi. Bwawa la Ruiru, dogo na kongwe kuliko hilo, lilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya jiji lilo hilo. Sisemi jiji lifungiwe bomba. Wengi wetu twalala Ruiru na kufanya kazi huko. Tena ni haki kukumbuka kwamba bwawa la Karimenu II, lililozinduliwa mwaka 2022, lilikusudiwa kuwafaa watu wa Juja na Ruiru pia. Lakini bwawa halizai maji. Huyapokea tu kutoka mlimani, na mlima ukichakaa, bwawa hujaa matope.

Tazama jinsi tulivyoongezeka. Sensa ya mwaka 2009 iliwakuta watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikawakuta 490,120, na Thika ikawa na 251,407. Barabara kuu mpya iliyofunguliwa mwaka 2012 iliileta Nairobi mlangoni petu, na mashamba yakakatwa ploti. Ruiru hii ndiyo iliyoipa nchi mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Leo mgeni akiuliza mibuni iko wapi, aghalabu huonyeshwa vigingi vya mipaka. Siililii kahawa yenyewe (viwanda vya kuimenyea navyo viliichafua mito yetu, tusijisahaulishe). Nalilia udongo uliokuwa ukinywa mvua. Paa halinywi, lami hainywi, ua wa saruji haunywi. Maji yashukapo hukimbilia bondeni yote kwa mkupuo, na kiangazi kikiingia hakuna kilichobaki ardhini cha kuvilisha visima.

Ndiyo maana twateseka kwa pande zote mbili. Januari 2017 Nairobi ilianza kugawiwa maji kwa zamu kwa kuwa Ndakaini haikujaa. Miaka saba baadaye, katika masika ya 2024, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Wataalamu wa hali ya hewa wanatuonya kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo mvua ikinyesha huja kwa kishindo. Mji uliofunikwa saruji hauna pa kuipokea mvua ya namna hiyo.

Kanuni za usimamizi wa maji za mwaka 2007 zilitaka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 uachwe kila upande wa mto. Mwalimu mwenye shaka na awachukue wanafunzi wake, kwa uangalifu, watembee kando ya Chania karibu na maporomoko yale ya Thika, wapime kwa hatua ukanda huo ungali upo wapi. Kisha wafungue ramani. Chania huingia mto Thika, na Thika huingia Tana. Mto Ruiru nao hufuata njia ya Athi. Taka tuzitupazo zina safari mbili basi, moja hadi Garissa na nyingine hadi pwani ya Malindi.

Huko juu, mkulima mwenye ekari moja mtelemkoni ndiye mlinzi wa kweli wa bwawa. Tangu mwaka 2015 Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi umekuwa ukiwasaidia wakulima kama huyo kuchimba matuta, kupanda nyasi za nepia kando ya mito na kukinga mvua katika vidimbwi vya mashambani. Naiona kazi hiyo kuwa ya haki kuliko hotuba nyingi nilizozisikia kuhusu mazingira, kwa sababu anywaye humlipa alindaye. Nasi wa Thika na Ruiru hatuna budi kuchangia katika ankara zetu, tusimwachie mkaazi wa jiji peke yake.

Shule nazo zina lao. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la madarasa lenye urefu wa mita 25 na upana wa mita 8 lina mita 200 za mraba. Mvua ya mwaka ikikaribia milimita 1,000, paa hilo hupokea lita 200,000. Hata tukipoteza sehemu moja ya tano, zasalia lita 160,000, yaani mitungi 8,000 ya lita 20.

Hesabu hiyo niliifanya ubaoni. Yule aliyeuliza swali la kwanza akainua mkono tena: "Na tangi, Mwalimu?" Ombi la tangi na mifereji limo mezani mwa halmashauri ya shule. Mvua za vuli huanza Oktoba.