Utafiti wa kifafa usiishie maktabani

Mtafiti anapotajwa, swali la kwanza huwa ni makala mangapi ameyachapisha na ni wangapi wameyanukuu. Kipimo hicho kina maana, lakini peke yake hakitoshi. Kazi ya Dk. Louise Jilek-Aall yathibitisha hivyo.

Daktari huyo, mzaliwa wa Norway, alifika Tanganyika akiwa kijana. Huko Mahenge, kwa Wapogoro, alikuta wagonjwa wengi wa kifafa waliofichwa na kuogopwa. Hata mgonjwa alipoangukia motoni, watu walisita kumshika, wakiamini kwamba mate yake yanaambukiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kliniki, akawapa wagonjwa dawa ya fenobabito na kuandika habari zao kwa uangalifu. Mwaka 1965 matokeo yalichapishwa katika jarida la Acta Psychiatrica Scandinavica. Baadaye alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili nchini Kanada, lakini Mahenge hakuisahau.

Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza walikuwamo watoto waliotikisa vichwa mithili ya mtu anayesinzia. Miaka mingi baadaye, hali kama hiyo ilipoonekana kwa watoto wa kusini mwa Sudan na kaskazini mwa Uganda, watafiti walirejea maandishi yale ya Mahenge. Wataalamu wa nchini nao waliendeleza kazi. Dk. Rwiza na wenzake, akiwamo Profesa Gad Kilonzo, bingwa wa magonjwa ya akili wa Muhimbili, walichunguza watu 18,183 wilayani Ulanga. Mwaka 1992 walichapisha kwamba katika kila watu 1,000, wapatao 10 walikuwa na kifafa.

Swali lililobaki ni kama ujuzi huo umewafikia wanaouhitaji. Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, uko mbali na maktaba zenye majarida hayo. Reli ya kutoka Kaliua yafika Mpanda. Elimu nayo haina budi kufika huko na kuendelea hadi vijijini. Mwalimu wa Karema, Inyonga au Mishamo anayeona mwanafunzi ameanguka darasani hahitaji jarida la kigeni. Ahitaji kujua kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo na hakiambukizwi kwa mate. Kwamba mgonjwa alazwe ubavu, aepushwe na vitu vya kumwumiza na asitiwe chochote mdomoni. Na kwamba baada ya matibabu mahali pake ni darasani, wala si kufichwa nyumbani.

Kwa hiyo ni wajibu wa watumishi wa afya kuwa na daftari la wagonjwa wa kifafa katika kila zahanati, na kuhakikisha kwamba dawa haikatiki, kwani kuikatiza ghafla ni hatari. Ni wajibu wa walimu kuifuta hofu ya mate miongoni mwa wanafunzi na wazazi. Aidha, kila mtafiti anayekusanya habari za wananchi apaswa kuwarudishia matokeo kwa Kiswahili chepesi.

Makala yaliyonukuliwa mara mia ng'ambo yangali nusu ya kazi, iwapo mtoto wa Mishamo ataachishwa shule kwa ugonjwa ambao dawa yake yajulikana.