Bodi Isiwe Mkurugenzi wa Pili

Frateri anayesoma taalimungu leo, kesho atajikuta mwenyekiti wa bodi ya zahanati, shule au kituo cha watoto yatima. Kazi hiyo huharibika upesi pale ambapo bodi na mkurugenzi hawajui mipaka yao.

Mjumbe mmoja anampigia simu mkurugenzi amwajiri ndugu yake. Mwingine anamwagiza mhasibu moja kwa moja. Mwenyekiti akitoa rai tu, kwa kuwa ni padre, inapokelewa kama amri. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa upande mwingine, wapo wakurugenzi wanaogawa taarifa ya fedha asubuhi ya kikao ili ipitishwe bila kusomwa.

Kanisa tayari lina mfano mzuri. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni za 492 hadi 494, zinataka kila jimbo liwe na baraza la uchumi lenye waamini wasiopungua watatu, waadilifu na wajuzi wa mambo ya fedha na sheria za nchi. Ndugu wa askofu, hadi daraja la nne, hawaruhusiwi kuwamo. Baraza huandaa bajeti ya mwaka. Mweka hazina husimamia mali kwa kufuata bajeti hiyo, chini ya mamlaka ya askofu. Na mwaka ukiisha hutoa hesabu kwa baraza. Kila mmoja ana kazi yake.

Kwa maoni yangu, taasisi zetu zifuate njia hiyo. Bodi iamue kikaoni. Nje ya kikao mjumbe asitoe amri. Taarifa ziwafikie wajumbe angalau wiki moja kabla. Mkurugenzi apimwe kila mwaka kwa malengo yaliyokubaliwa, wala si kwa maneno ya barazani. Mwenyekiti akutane naye mara kwa mara, ili habari mbaya isisubiri kikao.

Wapo watakaosema kwamba kudai hesabu ni kutomwamini mtu. Lakini hesabu safi humkinga mkurugenzi mwaminifu na uvumi, na humheshimu mjane aliyetoa sadaka yake.

Ndugu mwamini, ukiombwa kuingia kwenye bodi, uliza kwanza bajeti iko wapi. Nawe frateri, jizoeze tangu sasa kumsikiliza mlei anayekuambia, "Hapana, Padre, hilo halimo kwenye bajeti."