Ugonjwa Usiotajwa Jina

Mjini Dearborn, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, wanaishi Waarabu wengi waliohamia kutoka Lebanoni, Iraki na Yemeni. Katika baadhi ya nyumba zao saratani haitajwi. Husemwa tu "ugonjwa ule". Mama agusapo uvimbe katika titi hunyamaza, akichelea binti zake wasije wakakosa wachumba. Lakini siku daktari anapowauliza mabinti hao ni nani katika ukoo wao aliyeugua saratani, hawana la kujibu. Stara iliyokusudiwa kuwalinda imewanyima kinga.

Taasisi ya ACCESS, iliyoasisiwa mjini humo mwaka 1971, huwaelimisha akina mama hao kwa Kiarabu na kuwasaidia wapate kipimo cha picha ya matiti. Nchini humo wanawake hushauriwa kupimwa kila baada ya miaka 2, kuanzia umri wa miaka 40.

Nasi, tuliolirithi neno hilohilo la Kiarabu, saratani, tusijione tu mbali. Mficha maradhi kilio humfichua. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tutafute matibabu, na kutafuta huanza kwa kusema. Enyi mama zetu, waambieni binti zenu.