Chombo cha Baharini na Chombo cha Muziki: Msamiati Uliolala Mikononi mwa Mafundi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba lugha ni chombo. Ni chombo cha mawasiliano, chombo cha utamaduni, chombo cha umoja wa taifa. Kauli hiyo huandikwa daftarini, hurudiwa katika mtihani, kisha husahaulika. Lau mwanafunzi huyo angeitamka kisiwani Ndau, kati ya Pate na Kiwayu katika Visiwa vya Lamu, huenda angeeleweka vingine. Kwa watu wa bahari, chombo kwanza ni kitu kinachoelea. Kina mkuku na taruma, kina omo na tezi, na kisipokalafatiwa huvuja. Hata hivyo neno hilo hilo hubeba patasi ya seremala, chungu cha jikoni na ala ya mpiga muziki. Lugha imeviweka pamoja vitu ambavyo elimu ya kisasa imevitenga katika idara mbalimbali.

Hoja ya makala haya ni moja. Msamiati wa ufundi haukai katika kamusi peke yake, wala hauzaliwi katika vikao vya istilahi peke yake. Makao yake ya kwanza ni mikono ya watu wanaotenda kazi, na mikono hiyo ikizikwa, sehemu kubwa ya msamiati huzikwa nayo. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka Kiswahili kiweze kueleza kazi za mikono hana budi kuijaribu kazi yenyewe, japo kwa kujipumbaza baada ya masomo. Mfano utakaotumika ni uundaji wa ala za nyuzi: kibangala cha Lamu, ambacho zama zake zimepita, na gitaa, ambalo nafasi yake bado iko wazi.

Kibangala ni jamaa ya gambusi ya Unguja na gabusi ya Ngazija, na asili yao huunganishwa na ala ya Yemeni iitwayo qanbus. Mwili na shingo yake huchongwa katika kipande kimoja cha mti. Tumbo hukombwa ndani, kisha huwambwa ngozi kama inavyowambwa ngoma. Ala hiyo ilisindikiza nyimbo za Waswahili wa kaskazini kabla ya kupokewa na udi, na udi nao ukaja kupokewa na kinanda cha umeme. Mabadiliko hayo si dhambi, kwani muziki haujawahi kukaa pahali pamoja. Msiba ni kwamba kibangala kilipoondoka katika shughuli za kawaida, kiliondoka pamoja na maelezo ya kukiunda. Tasnifu zimeandikwa juu ya vina, mizani na bahari za nyimbo za pwani. Ni ngapi zilizouliza ngozi iliwambwa vipi, mti ulikaushwa kwa muda gani, na fundi alimwambia nini mwanagenzi wake pindi patasi ilipoteleza?

Utengano huo kati ya neno na kazi haukuwapo Lamu ya zamani. Ushahidi wa karibu ni Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Wanafunzi wa fasihi humjua kama mtunzi wa Utendi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913, na kama mwandishi aliyenakili miswada kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Lakini Kijuma alikuwa pia mchongaji wa mbao na mwanamuziki. Mkono ulioandika hati nzuri ya Kiarabu juu ya karatasi ndio ulioshika patasi juu ya mbao. Kwa mtu wa namna hiyo, neno la fundi na neno la mshairi hazikuwa rejista mbili. Ni wasomaji wake wa baadaye waliomgawa: watu wa fasihi wakauchukua utendi, watu wa makumbusho wakaichukua mbao.

Sasa na litazamwe gitaa. Katika Ulaya na Marekani, kuunda gitaa kwa mikono ni pumbao la watu wengi ambao kazi zao ni nyingine kabisa: walimu, wahasibu, madaktari waliostaafu. Wana vitabu vya mafunzo na picha za video, na sehemu kubwa ya maelezo hayo ni ya Kiingereza. Tuseme kijana wa Ndau amevutiwa na ufundi huu na anaufuatilia kwa simu yake. Atajikuta anajifunza mambo mawili kwa pamoja, yaani kazi ngeni na majina mageni ya kazi hiyo. Baada ya muda ataamini kwamba majina hayo hayawezi kuwa ya Kiswahili. Imani hiyo ndiyo hasara kubwa, na haina msingi.

Gitaa ni nini hasa? Ni sanduku jepesi lenye kifua cha ubao wa unene wa milimita 3 hivi au pungufu. Mbavu zake, za milimita 2 hivi, hupindwa kwa maji na moto hadi zifuate umbo la kiuno. Nyuzi 6 za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Kifua kikiwa kizito, sauti hufa. Kikiwa chepesi kupita kiasi, hubonyea au hupasuka. Ndipo ndani yake hubandikwa vijiti vya kukiimarisha, visivyoonekana na msikilizaji. Muunda mashua anayajua mambo haya vyema. Ubao wa chombo nao hupindwa kwa moto na maji, na vitu vinavyoushikilia kwa ndani vina jina, nalo ni taruma. Je, kuna sababu gani ya kulikataza neno hilo lisipande kutoka mashuani kwenda gitaani? Randa, tupa, patasi, tezo, msasa na keekee hazihitaji kikao chochote. Zimekwishafika.

Zipo sehemu ambazo mashua haina. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vyuma vyembamba vinavyoikata sauti, na nafasi kati ya chuma na chuma hupungua kwa kanuni: kila hatua huondoa karibu sehemu moja ya 18 ya urefu wa uzi uliobaki. Uzi wenye urefu wa sentimita 65 hupoteza sentimita 3.6 hivi katika hatua ya kwanza, na kila hatua inayofuata hupoteza pungufu ya hapo. Mtu aliyewahi kumenya muwa na kuona vipande vyake vikifupika kuelekea kileleni amekwisha kuliona umbo hilo. Vipande hivyo huitwa pingili. Neno pingili linaweza kuitwa shingoni mwa gitaa bila kutafsiriwa kutoka popote. Huenda fundi akalikataa na kuleta lililo bora. Ni haki yake, na ndiyo maana ni lazima aulizwe.

Atasema msomaji kwamba Ndau haina mbao za gitaa, wala mashine, wala fedha. Jibu linapatikana Uhispania. Antonio de Torres, fundi wa Almería aliyeishi kati ya mwaka 1817 na 1892, ndiye anayehesabiwa kuwa aliliweka gitaa la nyuzi laini katika umbo linalofuatwa hadi leo. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, ili aonyeshe kwamba siri ya sauti imo katika kifua na taruma zake zaidi kuliko thamani ya mbao za pembeni. Ikiwa bwana wa ufundi aliweza kutumia karatasi, basi ukosefu wa mbao ghali si udhuru wa kutoanza. Isitoshe, Afrika Mashariki ndiyo nyumbani kwa mpingo, mti ambao viwanda vya nje hutengenezea klarineti, oboi na hata baadhi ya magitaa. Mti huondoka ukiwa na jina lake la Kiswahili, kisha hurejea katika umbo la ala ambayo sehemu zake zote zina majina ya kigeni.

Gitaa lenyewe si mgeni katika Kiswahili. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya mwaka 1924, alilipiga na kuimba kwa Kiswahili. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alilifanya lizungumze kwa vidole viwili vitatu kana kwamba wapigaji ni wawili. Nyimbo zimekwisha kuwa zetu kwa zaidi ya nusu karne. Kilichobaki nje ya lugha ni mwili wa ala.

Njia ya kuuingiza ilikwisha kuonyeshwa na mtu wa Lamu. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, hujulikana vyuoni kwa maneno yanayohusishwa naye kama runinga, na wako wanaomtaja kwa kicheko, kana kwamba alikuwa mtu wa kukaa na kubuni maneno. Wanasahau Sambo ya Kiwandeo, utungo wake uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaoeleza uundaji wa chombo cha Lamu kwa lugha ya waundaji wenyewe. Nabhany aliweza kubuni kwa sababu kwanza aliweza kusikiliza. Aliujua msamiati wa gati na wa karakana, ndipo akawa na mali ya kutoa alipohitajiwa neno jipya. Wanafunzi wengi wa leo hutaka kutoa kabla ya kuchuma.

Na kuchuma kuna wakati wake. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari na kilichokuwa fahari ya Waswahili wa kaskazini, wakiwemo Wabajuni, ulitoweka baharini. Ilipofika mwaka 2003, mtepe ulioonyeshwa katika jumba la Beit al-Ajaib, Zanzibar, ulikuwa wa kuundwa upya, kwa kuwa hapakuwa na wa asili uliosalia. Mwezi wa Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Kujenga upya kunawezekana, lakini ni ghali, na mengi hujazwa kwa kukisia. Kumuuliza fundi aliye hai gharama yake ni nauli ya mashua na subira.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili heshima. Ya kwanza ni ya dini. Wako wanazuoni wa pwani wanaoziharamisha ala za nyuzi, na katika jamii kama za Visiwa vya Lamu neno lao lina uzito. Makala hayana ilimu ya kuamua suala hilo. Linalotosha kusemwa ni kwamba mtafiti hana ruhusa ya kuingia kijijini na kumvunjia mtu itikadi yake. Asiyetaka kuzungumzia kibangala aulizwe juu ya mashua. Msamiati wa mbao ni mmoja. Pingamizi ya pili ni ya wasomi: kwamba kuunda gitaa ni mchezo, na shahada haitolewi kwa michezo. Hapa heshima inabaki, lakini makubaliano hayapo. Kamusi humweleza mwanafunzi maana ya randa. Haimwelezi kwa nini fundi hubadili upande anapoona nyuzinyuzi za ubao zinainuka, wala neno analolitamka wakati huo. Hojaji haiwezi kuuliza swali ambalo mwulizaji hajui kwamba lipo. Aliyeharibu ubao kwa mkono wake ndiye atakayejua la kuuliza.

Kwa hiyo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza na jambo dogo. Badala ya ziara ya kupiga picha mbele ya magofu, wanachama wachache wakae karakanani Matondoni au Ndau, kwa idhini ya wenyeji na kwa malipo ya haki kwa mafundi, wakiwa wanagenzi na si mahakimu wa lugha. Warudi chuoni waunde ala moja, kibangala au gitaa, hata ikilia vibaya. Kila neno walilolihitaji na kulipata waliandike pamoja na jina la aliyewapa, akiridhia, na lahaja yake, bila kulilazimisha kuvaa sare ya usanifu. Kila neno walilolihitaji na kulikosa waliandike pia. Orodha hiyo ya pili itakuwa kazi bora kuliko istilahi nyingi zilizobuniwa na watu wasiopata kushika tupa.

Na tupa ndiyo inayorudisha mazungumzo kwa Kijuma. Katika utendi wake, Liyongo akiwa kifungoni hupelekewa na mamake mkate wa wishwa. Walinzi, waliozoea kumnyang'anya chakula kizuri, huuacha mkate huo kwa dharau, wasijue kwamba ndani yake mna tupa. Kisha, chini ya sauti za ngoma ya gungu na ala zake, Liyongo hukata minyororo bila kusikika. Kisa hicho kimefasiriwa mara nyingi kama hadithi ya ushujaa na ya mapenzi ya mama. Kinaweza kusomwa pia kama onyo kwa wasomi. Kazi za mikono, na pumbao la mtu anayechonga ala yake jioni barazani, ni mkate wa wishwa ambao vyuo vimeuacha upite mlangoni. Kilicho ndani yake hakijulikani na asiyeumega.