ALIZETI ZA NYUMBANI: USIUZE MBEGU ZOTE

Ewe mkulima wa Singida, Dodoma na nchi za katikati ya Tanzania zenye mvua chache, maneno haya yakuhusu wewe. Kila mwaka wakati wa mavuno wachuuzi huja na mizani zao, nawe huwauzia alizeti zote kwa bei ya chini, kwa kuwa kila mtu anauza siku hizo hizo. Baada ya miezi michache unamtuma mtoto dukani na chupa, akanunue mafuta kidogo kidogo kwa bei ya juu. Shauri letu ni hili: panda alizeti kwa ajili ya chungu chako kwanza, kisha uza ziada.

Usidhani ya kuwa mafuta ni kazi ya wenye mashamba makubwa tu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, ili ipate mafuta kwa watu wa kwao. Hata alizeti zilipandwa huko. Mitambo iliharibika katika vichaka na ardhi ngumu, mvua zikapungua, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Lakini leo, katika nchi hiyo hiyo, alizeti hustawi katika mashamba madogo ya watu wa kawaida.

Fanya hesabu kabla ya kupanda. Kwa kinu kidogo, mbegu za kawaida kilo 5 hivi hutoa lita moja ya mafuta. Basi nyumba itumiayo lita 2 kwa mwezi yahitaji kilo 120 kwa mwaka. Hizo zitenge, usiziguse.

Lima mapema. Panda kwa mistari, futi 2 na nusu kati ya mstari na mstari, na futi 1 kati ya shimo na shimo. Tia mbegu mbili katika kila shimo, kisha ung’oe mche ulio dhaifu. Palilia miche ingali midogo, maana magugu huishinda upesi. Maua yakichanua usinyunyize dawa ya wadudu, kwa sababu nyuki ndio wanaosaidia vichwa kujaa mbegu. Mwaka ufuatao panda nafaka mahali hapo, ili magonjwa yasikae udongoni.

Vuna wakati mgongo wa kichwa umegeuka kutoka rangi ya manjano kuwa kahawia. Ukichelewa, ndege watakutangulia. Anika mbegu juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mbegu iliyowekwa ghalani ingali na unyevu huota ukungu, na ukungu waweza kutia sumu katika chakula cha watu na cha mifugo.

Ukipeleka mbegu kinuni, patana kwanza na mwenye kinu juu ya mashudu. Watu wengi huyaacha kama takataka, kumbe ni chakula chema cha kuku na ng’ombe. Aachaye mashudu ameacha sehemu ya mavuno yake.

Mbegu za kupanda mwakani chagua katika vichwa vikubwa vyenye afya. Lakini kama ulinunua mbegu chotara, usizirudie. Nunua nyingine, kwa maana watoto wake hawafanani na mama.

Twajua ya kuwa una haja ya fedha: kuna sare za shule, kuna dawa, kuna deni. Uza basi, lakini si zote, wala si siku ya kwanza ya soko. Mwenye mafuta ndani hamkimbilii mchuuzi. Mchuuzi ndiye atakayemfuata, na siku hiyo watapatana bei kama watu wawili walio sawa.