Heshima ya Kuazima

Wako wasemao kwamba mchezo wa kuchekesha haustahili kupimwa kwa mizani ya elimu. Neno hili silikubali. Mzaha ni hukumu iliyovaa nguo za sikukuu: watu hucheka, na wamalizapo kucheka huwa wamekwisha kukubali jambo ambalo pengine wangalilikataa kama lingalisemwa kwa uso mkavu. Kwa hiyo naipima hapa sinema ya Kiingereza ya mwaka 2009, St Trinian's 2: The Legend of Fritton's Gold, ambayo hutetewa kuwa ni ushindi wa wanawake. Mimi nauita ushindi huo heshima ya kuazima.

Shule hii ya bweni ya wasichana watukutu ilizaliwa katika kalamu ya mchoraji Ronald Searle, ambaye mchoro wake wa kwanza ulitoka gazetini mwaka 1941. Mwaka 1942 alitekwa na Wajapani Singapore, akatumikishwa katika ujenzi wa reli ya Siam na Burma. Aliporudi kwao aliendelea kuwachora wasichana wake, na ucheshi wake ulikuwa na meno. Mwaka 1954 Frank Launder aliwaingiza katika sinema, The Belles of St Trinian's. Humo farasi wa mashindano hufichwa bwenini, na wakaguzi waliotumwa na Wizara ya Elimu hunogewa na shule wasirudi tena ofisini. Waliochekwa ni wenye madaraka, wenye mali, na kila mzazi adhaniye kuwa karo hununua adabu.

Mfululizo huo ulifufuliwa mwaka 2007, na miaka miwili baadaye ikafuata sinema ninayoishtaki. Wasichana wanatafuta hazina ya mharamia Fritton, mhenga wa mwalimu wao mkuu. Mshindani wao ni Pomfrey, kiongozi wa chama cha siri cha wanaume wachukiao wanawake. Njia inawafikisha katika jumba la michezo la Globe, London, na siri inayofichuka ni hii: mharamia yule ndiye Shakespeare, na Shakespeare alikuwa mwanamke. Hapo mtazamaji hutakiwa ashangilie.

Ashangilie nini? Ili mwanamke aonekane mkubwa, imebidi achukuliwe mwanamume mkubwa abandikwe sura ya kike. Maana yake ni kwamba wanawake wa zama zile hawakuwa na kitu chao cha kujivunia. Lakini walikuwa nacho. Mwaka 1613, miaka mitatu kabla ya kufa Shakespeare, ilichapishwa London tamthilia ya Elizabeth Cary, The Tragedy of Mariam, juu ya malkia aliyeuawa kwa wivu wa mumewe, Mfalme Herode. Mwaka 1670 mchezo wa kwanza wa Aphra Behn ulipanda jukwaani katika mji huo huo, na mama huyo akaishi kwa jasho la kalamu yake. Hazina ndiyo hiyo, na haikuhitaji mharamia wa kuifukia wala pete ya kuifichua. Ilihitaji msomaji.

Mpinzani atanijibu kuwa huu ni mzaha tu, wala hakuna mwenye akili atakayeusadiki. Nakubali kuwa hatausadiki. Lakini mzaha mwema humtoa mtu pale alipokuwa. Mtazamaji aliyeingia ukumbini akilijua jina la Shakespeare peke yake atatoka akilijua hilo hilo, na Cary atabaki gizani. Tena adui aliyechaguliwa ni mwepesi mno. Chama cha siri cha wachukia wanawake hakimchomi mwanamume yeyote aliyeketi kitini, kwa kuwa hapana ajionaye humo. Mkaguzi na mzazi wa mwaka 1954 walijiona, wakacheka kwa aibu. Kicheko kisichomgusa achekaye ni kelele.

Jambo hili si la Waingereza peke yao. Shakespeare amekwisha kuwa mwenyeji wetu tangu Julius Nyerere alipotupa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Basi na tujiulize kwa lugha yetu. Akitokea leo mtu akadai kuwa Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa mwanamke, tutacheka, na labda tutamsifu kwa kuwapenda wanawake. Lakini Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, atakuwa amepata nini? Hatapata msomaji hata mmoja zaidi. Atakuwa amesukumwa kando na mwanamke wa kubuni, ambaye sifa zake zote ni mali ya mwanamume.

Cha kuazima hakisitiri maungo. Mwanafunzi atakaye kuwaheshimu wanawake wa fasihi na awasome kwa majina yao, awasifu panapostahili sifa na kuwakosoa panapostahili lawama, kama awasomavyo wanaume. Heshima ya mtunzi ni kusomwa. Nyingine zote ni makofi ya ukumbini.