Udongo Uwahi Ungali Maji

Leo nimekuja na aibu yangu ya zamani. Nimeiatamia miaka mingi kama kuku aliyelalia yai viza, na Jumamosi iliyopita mpwa wangu kaja kulipasua.

Binti huyu anasoma sanaa chuoni. Alinikuta barazani, akaniamkia, akaomba soda, akakaa. "Mjomba, nina kazi ya mwisho ya ufinyanzi. Nataka kufinyanga kichwa cha bibi, na kilemba chake. Maonyesho ni baada ya siku 40, kwa hiyo muda upo."

Jamani! Niliposikia hilo neno "muda upo" mwili ulinisisimka. Hilo ndilo neno langu mwenyewe, nililitamka nikiwa na umri kama wake, na mtu mwingine ndiye aliyelilipia.

Basi bwana, enzi hizo nami nilikuwa mwanafunzi wa sanaa. Chuo chenyewe sikitaji, maana kosa lilikuwa langu, si lake. Tulipewa muhula mzima kuandaa kazi ya maonyesho. Mimi nikajipangia kichwa cha mzee mwenye ndevu, kikubwa kama boga. Kichwani mwangu kilishakamilika, watu wanakishangaa, na mimi nimesimama pembeni nimefunga mikono kifuani kama msanii wa kweli. Mikononi sikuwa nimeshika hata donge la udongo. Leo mpira, kesho disko, keshokutwa nasubiri mzuka unipande. Muda upo!

Darasani kulikuwa na dada mmoja mtulivu, tukimwita Shangazi kwa utani. Yeye wiki ya kwanza alishaloweka udongo, kauchuja mawe na mizizi, kaukanda mpaka hewa yote imetoka. Alifinyanga mitungi 6, akaifunika nailoni ili ikauke polepole. Sisi tukamcheka, eti anafinyanga kama anawahi soko.

Mimi niliamka zikiwa zimebaki siku 12. Nikafinyanga fasta fasta, usiku na mchana. Kwa haraka ile sikukomba udongo wa ndani. Kichwa kikawa kizito, kimejaa kama tofali. Na msimu wenyewe ni masika, shati lenyewe halikauki kambani. Siku ya kupakia tanuri, mwalimu akaniuliza, "Kimekauka hicho?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Kimekauka, mwalimu."

Kilikuwa hakijakauka. Nilikuwa nimekigusisha shavuni asubuhi ile, kikawa cha baridi. Kila mfinyanzi anajua kipimo hicho: udongo ukiwa wa baridi shavuni, ndani bado una maji. Na maji yakifika nyuzi 100 za Selsiasi hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile ya maji yenyewe. Chombo chembamba kilichokauka hakina la kuogopa. Donge nene lenye maji tumboni ni bomu.

Tulisikia mlio mmoja tu, pu! Tanuri lilipopoa na kufunguliwa, mzee wangu wa ndevu alikuwa magae matupu. Hilo ningelivumilia. Lakini alikuwa amepasukia kwenye mitungi ya Shangazi. Kati ya 6, mizima ilibaki 2.

Mwalimu akalaumu moto, kwamba ulikolezwa upesi. Nami, msomaji wangu, nikanyamaza. Shangazi alipanga mitungi yake 2 kwenye meza iliyoandaliwa kwa 6, akapewa alama za mtu aliyefanya theluthi ya kazi. Mimi nilionewa huruma, nikaongezewa muda.

Miaka 20 baadaye nikakutana naye Kariakoo, ana mfuko wa mboga mkononi. Nikajikaza, nikamwambia yote pale pale katikati ya machinga. Akanitazama, akacheka. "Nilijua siku ile ile. Nilikuta pua ya yule mzee wako ndani ya mtungi wangu." Nikamuuliza, sasa mbona hukusema? Akajibu, "Nilikuwa nakusubiri uje useme mwenyewe. Hata na hilo umechelewa."

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Wengi tunaukumbuka msemo huu tukizungumzia malezi ya watoto. Mfinyanzi anausikia kwa masikio mengine: uwahi, kwa sababu ukishaumaliza una deni la kuusubiri, na kusubiri huko hakununuliki kwa kukesha. Unaweza kukesha ukifinyanga. Huwezi kukesha ukikausha. Kila sanaa ina saa zake za namna hii. Rangi ya mafuta ina siku zake za kukauka. Waigizaji wanahitaji siku za maneno kuwakaa mdomoni.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wa Waswahili peke yao. Mwaka 1994 watafiti Buehler, Griffin na Ross walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu. Waliwauliza mtamaliza kwa siku ngapi? Kwa wastani wakasema kama 34. Wakaulizwa, na mambo yakienda mrama kabisa? Wakasema kama 49. Walimaliza kwa zaidi ya siku 55! Yaani hata tukijitabiria mabaya, bado tunajipendelea.

Kwa hiyo mpwa wangu sikumhubiria. Nilichukua kalamu, nikageuza daftari, nikamwambia tuhesabu kinyumenyume, tuanzie siku ya maonyesho turudi hadi leo.

"Kupanga ukumbi na meza?" Siku 2. "Akiba ya mikosi, kuni kulowa, mwalimu kusafiri, wewe kuugua?" Akataka 2, nikaandika 7. "Kuchoma, na kuacha tanuri lipoe lenyewe bila kulichungulia?" Siku 3. "Kukausha?" Akasema 5. Nikamwambia kichwa kikombwe ndani, unene uwe sawa kila mahali, kiachiwe tundu la hewa, kifunikwe nailoni ili kilemba na masikio visitangulie kukauka vikapasuka. Hapo 14, na shavu ndilo litakaloamua. Kufinyanga 9. Kuchimba, kuloweka, kuchuja na kukanda 4.

Akajumlisha mwenyewe kwa vidole. 39.

"Kwa hiyo mjomba, katika siku zangu 40..."

"Una siku 1 ya kuchezea. Nayo ndiyo hii ya leo, unaimalizia kwangu ukinywa soda."

Akaicheka, halafu akaacha kucheka. Aliiacha chupa nusu, akaniuliza maswali mawili ya udongo wa mtoni, akaaga. Jana kanipigia simu kwamba umeshaloweka.

Nilimpa na sharti moja la mwisho, nalo nawapa nanyi wanafunzi mnaonisoma. Siku ya kupakia tanuri, mwalimu akikuuliza kama kimekauka, na shavu lako linajua hakijakauka, sema hakijakauka. Utachekwa, utapunguziwa alama, utachoma awamu ijayo. Lakini mle ndani ya tanuri hauko peke yako. Pembeni yako kuna mitungi ya mtu aliyeanza wiki ya kwanza.

Shangazi, kama gazeti hili limekufikia: safari hii nimejitahidi kuwahi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.